Naomba ushauri: kitenzi "open" kwa wanafunzi Wachina

Wakuu, naomba msaada kwa mnaofundisha Kiingereza Wachina. Kwao kāi, kitenzi cha Kichina cha "open", inabeba mizigo mingi: kāi mén ni kufungua mlango, kāi dēng kuwasha taa, kāi chē kuendesha gari, na daktari akiandika dawa ni kāi yào. Ndiyo maana mtu anasema "open the light", na akitoka "close the light", kwa sababu guān nayo inafunga mlango na kuzima taa.

Kukaririsha maana moja moja ni kupoteza muda. Kinachoshika walau ni kufunga kitenzi na kitu chake: "open the door", "turn on the light", "drive a car". Shida inaibuka taa inapotajwa kwa "it". Wanasema "turn on it" badala ya "turn it on". Kompyuta ndiyo balaa: "open the file" ni sahihi, lakini "open the computer" kwa fundi ni kushika bisibisi.

Je, mnaanza na "turn on" au "switch on"? Na hilo zoezi la "it", mnaliweka somo hilohilo au mnalisogeza mbele?