Kindi wananimalizia maboga machanga, nimefunika na bado yanaanguka

MamaNsujju
Habari zenu wakulima. Niko Masindi, Uganda, upande wa kuelekea msitu wa Budongo, nina kabustani nyuma ya nyumba, mashina ya maboga kumi na mbili hivi, nilipanda mvua za mwezi wa tatu zilipoanza. Mwanzo kindi walinifukulia mbegu mchana kweupe nikiwaona, nikapanda tena, hiyo nikasamehe. Sasa yameanza kuzaa na kila asubuhi nakuta kaboga ka saizi ya ngumi kametafunwa ubavuni, kengine juzi kamevutwa mpaka chini ya migomba, mbegu zote zimetolewa, limebaki ganda. Jirani ananiambia niweke sumu ya panya ndani ya ndizi, nimekataa, nina kuku na watoto wadogo. Wiki mbili zilizopita nikachukua chandarua cha zamani nikafunika mashina manne yote, nikabana na mawe pembeni, na kweli humo hakuna alama ya jino lakini banange, tuboga twa ndani tunageuka njano halafu tunaanguka tu! Wanapita chini au nini? Msimu unaniishia hivi hivi naangalia.

BodaMkulima
Pole dada. Kwanza mjue mwizi wako, mimi nilimlaumu kindi msimu mzima kumbe namsingizia. Kindi anatembea mchana. Kama jioni umeacha boga zima na alfajiri kabla jua halijatoka umelikuta limeliwa, huyo ni panya, ndezi au nungunungu. Fanya hivi, jioni chukua majivu ya jikoni uyachekeche, mwaga kuzunguka boga moja upana kama wa sinia, asubuhi usome nyayo. Angalia na meno pia. Panya anaacha vijistari vyembamba viwili viwili, nungunungu anachimba kama fundi mwenye patasi na mara nyingi utaokota mwiba wake hapo hapo. Tumbili ndio hana adabu, anang'ata mara moja, anatupa, anachuma lingine, yani hata njaa hana. Kwa huyo dawa ni mtu kukaa shambani, sanamu ya nguo anaizoea siku tatu.

MzeeWaKasese
Mama, hayo ya ndani ya chandarua si kindi wala panya, ni chandarua chenyewe. Boga lina ua dume na ua jike. Ua jike utalijua, lina kaboga kadogo chini yake hata kabla halijafunguka. Linafunguka alfajiri, jua likipanda linajifunga na halirudi tena, kwa hiyo nyuki ana yale masaa ya asubuhi tu kuleta unga wa dume. Wewe umemfungia nje! Kaboga kasikopata unga kanakaa siku chache, kanaanza njano kwenye ncha, kanalegea, kanaanguka. Na kama chandarua bado kina ile dawa ya mbu, nyuki akitua juu yake anaumia vilevile.

Funua asubuhi, au ufanye kazi ya nyuki mwenyewe. Chuma ua dume lililofunguka leo, lichane yale majani yake ya njano kibaki kijiti chenye unga, kisha upake taratibu katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Ukiona baada ya siku nne kaboga kanazidi kunenepa, hapo ndio ukafunike, ufunike boga lenyewe na uache shina lipumue. Mimi natumia vikapu vilivyotoboka, naviziba kwa byayi, yale maganda makavu ya mgomba, navipindua juu ya boga na jiwe juu. Mke wangu anacheka eti maboga yangu yamevaa kofia. Ngozi ikishakuwa ngumu, ukibonyeza ukucha hauingii, vua kofia.

AchenMwekundu
Waya ya kuku mtu asiuziwe kama dawa ya panya, yale matundu mtoto wa panya anapita anacheka. Kwa kindi inafaa, ile ya matundu madogo zaidi ndio ya panya ila bei yake, mmh. Mimi natwanga pilipili kali, naloweka usiku mzima kwenye maji, nachuja, natia sabuni kidogo ishikane, napulizia kwenye boga na chini yake. Maua usiyaguse. Mvua ikinyesha imeondoka, unarudia, kwa hiyo mwezi wa nne ni kazi ya kila siku. Ndege pilipili haiwasumbui kabisa, usishangae. Na unawe mikono mara mbili, niliwahi kusahau nikajifikicha jicho nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa.

Kingine, kama boga lina katundu kadogo kenye utomvu, lipasue. Ukikuta funza ni inzi wa matunda. Usilitupe pembeni, lifunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, lichomwe na jua au ulifukie chini sana.

MzeeWaKasese
Pilipili ni kweli, huku tunapakana na hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth watu wanachanganya na kinyesi cha tembo wanachoma, moshi wake tembo hataki. Na msitege nyaya huko karibu na msitu, UWA, wale askari wa wanyamapori wa serikali, wakikuta mtego hawaulizi ulikuwa wa kindi au wa nini. Fidia ya ile sheria ya wanyamapori ya 2019 ni ya kina tembo, simba na kiboko, kindi hayumo, msihangaike kujaza fomu.

MamaNsujju
Nimerudi. Majivu nimemwaga siku tatu. Usiku wa kwanza nyayo ndogo ndogo na mkia umeburuzwa katikati, panya. Asubuhi yake nyayo za vidole vitatu mbele... kuku wangu mwenyewe! Panya anatoboa, jogoo anakuja kumalizia, na mimi nagombana na kindi. Chandarua nimetoa, leo saa moja nimepaka unga majike matatu, mikono imejaa njano. Vikapu nimepata viwili. Jirani ana paka mkali, nimemwambia aniazime huyo, sumu abaki nayo.