Orodha zenu za Pet Shop Boys zinaudhi, na Being Boring siyo wimbo ulioanguka

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo naweka uzi. Kila ukianza mjadala wa nyimbo bora na nyimbo mbovu za Pet Shop Boys, wale jamaa wawili wa Uingereza, mambo ni yaleyale. Juu kabisa West End Girls, It's a Sin, Always on My Mind na Go West. Chini kabisa zinatupwa zote zinazokwenda taratibu, na anayehoji anaambiwa aangalie chati. Juzi mtu kaiweka Being Boring kwenye kundi la "zilizoanguka" kwa sababu mwaka 1990 iliishia namba 20 Uingereza. Akaja mwingine, kaweka King's Cross kwenye nyimbo 10 mbovu, maelezo yake neno moja: haichezeki. Na watu wakamuunga mkono!

Tatizo langu na nyinyi siyo kwamba mnapenda nyimbo za kucheza. Mimi nazipenda pia, tena sana. Tatizo ni kwamba mnawapima watu hawa kwa kipimo ambacho hawajawahi kukitumia. Neil Tennant, mwimbaji, na Chris Lowe, mpiga vinanda, walikutana mwaka 1981 kwenye duka la vifaa vya elektroniki pale King's Road, London, na tangu wakati huo kazi yao imekuwa ni kuchukua mdundo wa disko na kuubebesha jambo zito, jambo ambalo mtu anashindwa kulitamka akiwa amekaa na wenzake mezani. Toa hilo jambo, utabaki na vinanda na mashine ya ngoma. Vinanda na mashine ya ngoma miaka ile kila bendi ya Uingereza ilikuwa navyo. Mbona hizo nyingine hatuzibishanii?

Tuanze na hiyo Being Boring, maana ndiyo iliyonitoa usingizini.

Rafiki yake Tennant, waliyekuwa wote tangu ujana wao Newcastle, alifariki kwa UKIMWI mwaka 1989. Wimbo ukatoka mwaka uliofuata, kwenye albamu ya Behaviour, waliyorekodi Munich na mtayarishaji Harold Faltermeyer kwa sababu walitaka vinanda vya zamani vyenye sauti ya joto, siyo vile vya dijitali vilivyokuwa vimejaa kila mahali. Sikilizeni unavyoanza. Hauna haraka. Gitaa linalia kwa mbali, vinanda vinaingia kimoja kimoja, unasubiri sauti ya mtu na haiji, na ikija inakuja chini, bila kupaza. Beti ya kwanza mtu anakuta picha za zamani na kadi za mialiko ya sherehe za ujana. Beti ya pili ni miaka ya sabini, anaondoka nyumbani kwa treni, mkoba begani, hofu kidogo moyoni. Mpaka hapo unaweza kudhani ni wimbo wa kukumbuka ujana tu, kama nyingine elfu.

Halafu inakuja beti ya tatu. Ni miaka ya tisini. Amekuwa yule aliyetamani kuwa, anageuka kuwatafuta wenzake, na wengine wapo, wengine hawapo. Basi. Ugonjwa hautajwi jina hata mara moja. Hakuna kulia, hakuna kinanda kinachopanda juu kukulazimisha utoe chozi, mdundo ni uleule uliokuwa ukiendelea tangu mwanzo wa wimbo, na kiitikio kinarudi na maneno yaleyale uliyoyasikia mara mbili. Ila sasa unayasikia kwa sikio lingine kabisa, kwa sababu unajua anayazungumza na nani, na kwamba huyo mtu hawezi kumjibu.

Ndiyo huo mnaouita wimbo ulioanguka. Mtu aliyekulia kwenye taarab hawezi kuhukumu wimbo kabla ya beti ya mwisho kuimbwa, lakini nyinyi mnafunga hukumu kwenye dakika ya kwanza kwa sababu ngoma haijagonga kifua. Inaudhi, jamani.

Na kama mnataka kujua Tennant alianzia wapi na msiba huo, nendeni kwenye Your Funny Uncle. Ilikuwa upande wa pili wa singo (wimbo unaouzwa peke yake, nje ya albamu) ya It's Alright, 1989. Dakika mbili na kidogo, inasimulia mazishi ya huyohuyo rafiki. Hakuna ngoma kabisa. Sijawahi kuiona kwenye orodha ya mtu yeyote hapa, nzuri wala mbovu, na hilo ndilo lalamiko langu la pili: mnapanga nyimbo za watu ambao hamjasikiliza hata nusu ya kazi yao. Nyimbo za upande wa pili kwa hawa jamaa siyo makombo. Zilikuwa nyingi na nzuri kiasi kwamba mwaka 1995 walizikusanya 30 kwenye albamu moja ya diski mbili, Alternative. Humo ndimo ilimo Paninaro, humo ndimo ilimo Shameless, humo ndimo ilimo Miserablism. Shameless ilikuwa nyuma ya singo ya Go West, na mimi kwa masikio yangu naona ina nguvu kuliko nyimbo kadhaa zilizoingia kwenye albamu ya Very. Lakini orodha zenu zimeishia kwenye mkusanyiko wa nyimbo maarufu. Semeni basi mnapanga singo, msiseme mnapanga kazi yao yote.

Kuhusu Go West, niwe muwazi. Siikatai. Ninachokataa ni kuiweka namba 1 kwa sababu mashabiki wa mpira wanaiimba uwanjani. Kwanza siyo wimbo wao, ni wa Village People wa mwaka 1979. Pili, je, mnajua kwa nini waliuchukua? Mwaka 1992 Derek Jarman, yule mtengeneza filamu, aliyekuwa mwenyewe anaishi na virusi vya UKIMWI, aliwaomba wapige kwenye tamasha la kuchangia mapambano ya ugonjwa huo pale klabu ya Haçienda, Manchester. Wimbo wa awali ulikuwa wa wanaume wanaoota kwenda San Francisco kuishi kwa uhuru na mapenzi yao. Miaka 13 baadaye, wengi wa walioota ndoto ile walikuwa makaburini. Sasa chukua maneno yaleyale ya furaha, yaimbishe kwa kwaya ya wanaume wenye vifua vizito, mpe Tennant ile sauti yake nyembamba inayoimba peke yake katikati ya kwaya. Ni wimbo wa ndoto iliyokwisha. Na kwa sababu Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika muda mfupi kabla, video wakaenda kuipigia Moscow, na hilo neno "magharibi" likapata maana ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukiipenda Go West kwa sababu inachangamsha, sawa, ni haki yako. Ila usije kwenye uzi kuitumia kama fimbo ya kuzichapia nyimbo za huzuni, maana na yenyewe ni mojawapo.

Kwenye albamu hiyohiyo ya Very, 1993, kuna Dreaming of the Queen. Mtu anaota Malkia na Lady Diana wamekuja kwake kunywa chai, na mazungumzo yanafika kwenye wapenzi ambao hawapo tena hai. Very ndiyo albamu yao pekee iliyofika namba 1 Uingereza, iliuzwa ndani ya kasha la plastiki la rangi ya chungwa lenye vinundu, kila mtu anaikumbuka kama albamu ya sherehe. Na humo ndani, katikati, kuna wimbo huo. Nani kauweka kwenye orodha yake? Hakuna.

Sasa chati. Mnazipenda chati. Sawa, twende nazo. West End Girls ya kwanza waliirekodi New York na mtayarishaji Bobby Orlando, ikatoka mwaka 1984, ikapata wapenzi kwenye klabu chache, Uingereza ikapita bila kusikika. Walipoirudia na mtayarishaji mwingine, Stephen Hague, hawakuiongezea kasi. Waliipunguza. Wakaweka kelele za mtaani mwanzoni, hatua za miguu, halafu ile besi inayotambaa. Hiyo ndiyo iliyofika namba 1 Uingereza Januari 1986, halafu Marekani mwaka huohuo. Kwa hiyo hata huo wimbo mnaoutanguliza kila siku ulishinda kwa kupoa. Halafu mnakuja kuniambia taratibu ndiyo mbovu?

Tennant mwenyewe alishasema kwamba enzi yao ya kutawala iliisha pale Domino Dancing ilipoishia namba 7 mwaka 1988. Sikilizeni: namba 7, na alijua imekwisha. Lakini baada ya hapo ndiyo ilikuja Behaviour. Mtu akishika chati tu atakwambia mporomoko ulianza hapo, wakati kwa masikio hapo ndipo walipofika juu kabisa.

Kuna pia wale wanaoishusha Left to My Own Devices wakisema haina kichwa wala miguu. Ndugu zangu, mmesikiliza toleo lililokatwa kwa ajili ya redio. Kwenye albamu ya Introspective wimbo ule unazidi dakika nane, mtayarishaji Trevor Horn kaweka okestra nzima, na Tennant anasimulia siku yake tangu anaamka. Albamu ile ina nyimbo sita tu na hakuna hata mmoja ulio chini ya dakika sita. Walikusudia. Huwezi kusoma kurasa mbili za katikati ukasema hadithi haieleweki.

Na hili la kumdharau Chris Lowe liishe. "Anasimama tu na kofia yake." Ndiyo, anasimama, na hasimami hivyo kwa bahati mbaya. Wakati wasanii wote wanarukaruka jukwaani mbele ya kamera, yeye aliamua hatajifanya ana furaha asiyokuwa nayo. Sauti kwenye Paninaro ni yake. Mapenzi ya muziki wa klabu yaliyoipa bendi hii uti wa mgongo kwa kiasi kikubwa ni yake. Tennant alikuwa mwandishi wa jarida la muziki la Smash Hits, maneno anayo, lakini maneno yale bila Lowe yangekuwa makala.

Albamu ya Release ya 2002 kila mtu anaipiga teke kwa sababu ina gitaa la Johnny Marr, yule wa The Smiths. Elysium ya 2012 hivyohivyo, "wamezeeka." Wimbo wa Invisible unazungumzia hasa hilo, mtu anaingia mahali na watu hawamwoni tena kwa sababu ya umri wake. Mnamlaumu kwa kuzeeka, yeye ameshaandika wimbo mzuri kuhusu lawama hiyo. Sitaki kuongeza.

Mtaniuliza zangu mbovu ni zipi, msije mkasema nasifia tu. Winner, ile ya 2012. Inapanda, inashangilia, inashuka, na chini yake hakuna kitu. Hakuna swali, hakuna mtu aliyekosekana, hakuna uchungu uliofichwa. Nyingine ni New York City Boy ya 1999: walichukua kwaya ya Go West na disko lake wakaliondolea msiba wote. Zote mbili zinachezeka vizuri kabisa. Mnaona? Kwa kipimo chenu hizo zingekuwa juu.

Zangu za juu ni Being Boring, King's Cross, Love Comes Quickly, Rent, na It Couldn't Happen Here, ambayo Ennio Morricone, yule Mwitaliano mtunzi wa muziki wa filamu, ni mmoja wa watunzi wake, jambo ambalo nalo nimeshangaa hakuna anayelitaja.

Nimebakiza King's Cross. Hicho ni kituo cha treni ambacho watu wa kaskazini mashariki ya Uingereza, kwao Tennant, hushukia wakija London kutafuta maisha. Wimbo ni wa waliofika pale wakakuta hakuna kazi, hakuna wa kuwapokea, na maradhi yanawasubiri. Ni 1987, Thatcher yuko madarakani, viwanda na migodi ya kaskazini inafungwa. Uliwekwa mwisho wa albamu ya Actually, iliyotoka Septemba. Novemba mwaka huohuo moto ukazuka kwenye kituo kile na watu 31 wakafa. Hawakuwa wanatabiri, na sitaki mtu aje na ushirikina hapa. Waliandika kuhusu mahali ambapo nchi ilikuwa imewatelekeza watu wake, wakaandika kwa upole, bila kupiga kelele, na vinanda vinakwenda polepole kama foleni.

Kwa hiyo wewe uliyeiweka kwenye 10 mbovu, unajijua, naomba uje kwenye uzi huu. Usije na chati wala "haichezeki." Isikilize mpaka mwisho kwanza, halafu uandike hapa kwa maneno yako ulichokisikia kibovu, beti kwa beti. Nasubiri.