Naomba ushauri: vinyago vyangu vinapasuka vikikauka

Habari zenu wakuu. Mimi ni mzee, mikorosho hapa Newala nimewaachia wanangu, siku hizi nashinda chini ya mwembe na tezo na patasi nikichonga vinyago. Mpingo siugusi, bei na vibali vyake si vya mtu anayejifunza. Natumia mwarobaini ulioanguka uani.

Shida ni nyufa. Nachonga mti ukiwa mbichi kwa sababu patasi inapita vizuri, lakini ukianza kukauka tu, ufa huo. Mama aliyebeba mtoto, ambaye ndiye najivunia, amepasuka kuanzia utosini hadi kifuani, ukucha unazama. Nimejaribu kuvifukia kwenye unga wa mbao kivulini, na kupaka nta ya nyuki sehemu zilizokatwa kwa msumeno. Afadhali kidogo, ila tatizo lipo. Jirani anasema nichemshe gogo (sufuria gani sasa?).

Wachongaji naomba mnisaidie: nipasue gogo kuondoa moyo kabla ya kuchonga, au nilikaushe zima, na kwa muda gani? Na huyo mama, nikimziba kwa unga wa mbao na gundi, itashika au ufa utarudi? Kuna mtu anamtaka.