Naomba ushauri: fundo la sarafu mbili la Kichina linanigomea

Wadau, habari za leo. Nimeanza kujifunza mafundo ya mapambo ya Kichina, na nimekwama kwenye mojawapo ya yale ya mwanzo kabisa: shuangqian jie, yaani fundo la sarafu mbili. Likikaa sawa hufanana na sarafu mbili za kale za China, zile zenye tundu katikati, moja imelalia nyingine. Ndiyo maana huhusishwa na heri ya mali. (Kwangu mpaka sasa limekula hela ya kamba tu.)

Ninavyofanya: nakunja kitanzi kwa ncha ya kushoto, nalaza ncha ya kulia juu yake, naipitisha chini ya mkia wa kushoto, kisha naisuka kukatiza kitanzi kwa zamu, juu, chini, juu, chini, mpaka itokeze upande wa pili. Likiwa mezani linapendeza kweli. Nikiliinua tu, linalegea kama kamba ya kiatu. Nikivuta ncha zote mbili, sarafu zinatoweka, nabaki na donge.

Natumia kamba ya satini ya milimita 2, inateleza sana. Je, kosa ni kamba, au ni mkono wangu? Mnakaza kitanzi kimoja kimoja kwa pini, au mnashona uzi mwembamba kwa nyuma? Nataka kulitundikia shada la nyuzi, na mshono usionekane mbele.

Au niliache kwanza, nianze na niukou jie, lile la vifungo vya qipao, gauni la jadi la Kichina?