"Spaisi" si bangi: mtu akianguka, tumfanyie nini?

DukaDawa_Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Jina la "spaisi" limeanza kusikika vijiweni huku Ujiji: majani makavu ya kusokota, wauzaji wanadai ni bangi ya kisasa isiyoonekana kwenye kipimo. Duka langu ni la dawa muhimu tu, sina sindano wala oksijeni. Mtu akiletwa mlangoni anatetemeka au hajitambui, nianze na nini kabla hajafikishwa hospitali ya Maweni? Mtaani tiba ni maziwa, wengine mafuta ya mawese. Na kweli kipimo cha mkojo hakioni?

Tabibu_ZamuYaUsiku
Dada, maziwa weka pembeni, mawese pia. Sumu imeingia kwa moshi na ndani ya dakika chache iko kwenye damu. Tumboni hakuna cha kuzimua. Ukimnywesha asiyejitambua, kinachoingia mdomoni kinashukia mapafuni.

Anza na pumzi. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Akipata degedege, ondoa stuli na chupa zilizo karibu, tazama saa, na kijiko kisiingie mdomoni. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, usisubiri kitu, aondoke. Mguse tumbo: akiwa anawaka, vua shati, mlowanishe kwa maji ya kawaida na umpepee. Joto likipita nyuzi 40 misuli huanza kuvunjika, na mabaki yake huharibu figo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, waambie wanaompokea.

Ninachokiogopa zaidi ni kamba. Mtu anapiga kelele na kurusha mikono, watu wanasema amepandwa na mashetani, wanamfunga kifudifudi na wanaume wawili wanamkalia mgongoni. Moyo tayari unakimbia, kifua hakina nafasi ya kutanuka, na kupambana kwenyewe kunapandisha joto. Punguza watu, zima redio, aongee naye mmoja tu. Usafiri ni bajaji, alazwe ubavu kiti cha nyuma. Mshikaki wa bodaboda, hapana.

Hospitali hakuna dawa ya kuiondoa sumu yenyewe. Atapewa diazepamu ya kutuliza degedege na fujo, maji ya mshipa, atapimwa sukari, moyo na kreatinini, kipimo cha figo. Klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, watu huikimbilia kwa mtu mwenye fujo, lakini hurahisisha degedege na kushusha presha.

Maabara_Mwanga
Naongezea la kipimo. Kile kijiti cha mkojo kinatafuta mabaki ya THC, kemikali ya bangi. Spaisi ni kemikali za kutengenezwa zinazoiga THC, zina umbo jingine, zinapita tu. Majibu hasi hayamsafishi mtu, na chanya huenda ni bangi aliyovuta jana.

Tofauti kubwa iko kwenye ubongo. THC hugusa CB1, kipokezi cha seli za ubongo kinachopokea kemikali za aina hii, na kukiamsha nusunusu. Kemikali za spaisi hukiamsha hadi mwisho. JWH-018, mojawapo ya zile za mwanzo, ilitengenezwa kwa utafiti katika maabara ya John W. Huffman, Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani. Mwaka 2016 watu 33 walizidiwa na spaisi Brooklyn, New York. Kemikali iliyopatikana, AMB-FUBINACA, ina nguvu kama mara 85 ya THC. Tena hunyunyiziwa majani bila kipimo, sehemu moja ikakolea na nyingine ikakosa. Pakiti moja, msokoto wa kwanza unamchekesha, wa pili unamlaza chini.

Mnyamwezi_Isevya
Naloksoni je, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini? Inasaidia?

Tabibu_ZamuYaUsiku
Kwa spaisi yenyewe, haisaidii. Lakini wauzaji huchanganya. Kush, dawa ya kulevya ya kuvuta ya Sierra Leone, iliyofanya nchi itangaze hali ya dharura Aprili 2024, imekutwa na nitazini, ambazo ni jamii ya afyuni. Mboni zikiwa kama ncha ya sindano na pumzi inakaribia kukatika, naloksoni itolewe bila kusubiri maabara. Na Illinois mwaka 2018 zaidi ya watu 150 walivuja damu kwa sababu mzigo wa spaisi ulikuwa na brodifakumu, sumu ya panya. Fizi au mkojo ukitoa damu, hata siku kadhaa baadaye, ni hospitali: vitamini K, inayosaidia damu kuganda, itatumika kwa wiki au miezi.

DukaDawa_Ujiji
Shukrani wakuu. Akizinduka baada ya saa moja na kusema yuko sawa, aende zake?

Tabibu_ZamuYaUsiku
Kama alipata degedege, alizimia au anaumwa kifua, apelekwe hata kama anacheka. Wengine, wasilale peke yao usiku huo. Anayevuta kila siku, ndugu wasimfungie chumbani "aache": akikatizwa ghafla hutoka jasho, hutapika, na degedege linaweza kumrudia humo ndani. Namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya ni 119. Mabaki ya pakiti usiyanuse wala kuyatupa. Yatie kwenye bahasha, andika saa aliyovuta, yaende na mgonjwa.