Bergen, Helsinki au Porto? Mtoto ana pumu, naombeni ushauri kabla sijajibu barua

Binti_Raskazone

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sijawahi kukaa mahali penye baridi kuliko Lushoto, na huko kwenyewe wiki mbili tu nilirudi midomo imepasuka. Mungu kajalia nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, na vyuo vilivyonikubali viko miji mitatu: Bergen (Norwei), Helsinki (Ufini) na Porto (Ureno). Ufadhili haupishani sana. Nakwenda na mwanangu wa miaka minne, ana pumu. Hata huu upepo wa Julai wa hapa kwetu ukimpiga, usiku kifua kinalia filimbi.

Nimefungua ramani. Bergen na Helsinki ziko mstari mmoja, latitudo 60 kaskazini, kwa hiyo nimechukulia baridi yake ni moja. Porto iko kusini, pwani kama kwetu, Januari ni nyuzijoto 9 au 10. Moyo umeshaangukia Porto. Baba watoto kasema niulize kwanza waliokaa huko. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa.

Mshamba_wa_Makete

Dada, nyuzijoto 9 mbona kwetu mwezi wa saba ni ya kawaida, na watoto wanakwenda shule na kandambili. Nenda popote, utazoea.

kahawa_chungu

Mkuu wa Makete, kwenu saa nne jua limewaka unavua sweta. Mimi niko Helsinki mwaka wa sita. Desemba jua linachomoza saa tatu na nusu hivi asubuhi, saa tisa na robo alasiri limeshazama, na hapo katikati unaweza usilione kwa ajili ya mawingu. Tusifananishe.

Mwalimu_wa_Jio

Binti, hilo la mstari mmoja ndilo limekupoteza. Latitudo inakupa urefu wa mchana, haikupi joto. Bergen inaangalia Atlantiki, na maji ya vuguvugu yanasukumwa kutoka kusini-magharibi mpaka pwani ya Norwei, na pepo nyingi za huko zinatoka upande huo huo. Ndiyo maana bandari yake haigandi, na wastani wa Januari uko juu kidogo ya sifuri. Helsinki iko upande wa pili wa milima ya Skandinavia, kwenye Bahari ya Baltiki ambayo ina chumvi kidogo, inaganda upesi. Upepo ukitoka mashariki, nchi kavu ya Urusi, unaweza kuamkia nyuzijoto 20 chini ya sifuri.

Lakini hiyo bahari ya Bergen ina bei yake. Wewe ni wa Tanga, unapajua Amani. Upepo wa baharini unagonga Usambara, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Bergen imezungukwa na milima saba na kazi ni hiyo hiyo. Zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya siku 200 za mvua. Vuka milima uende Oslo, mvua haifiki nusu ya hiyo. Nchi moja hiyo.

Pweza_Mkavu

Nimeishi Porto miaka mitatu, naomba nisikilizwe kwa makini kwa sababu ya huyo mtoto.

Porto nje ni raha. Baridi yake usiku ni ya koti jepesi, theluji utaisikia kwenye taarifa ya habari. Tatizo ni ndani. Nyumba nyingi za zamani zina kuta za mawe, dirisha la kioo kimoja, na hazina mfumo wa kupasha joto. Mvua inaanza Oktoba inakwenda mpaka Aprili, kuta zinakunywa maji, hazikauki. Chumba changu cha kwanza niliweka kipimajoto mezani: Januari saa mbili usiku, nyuzijoto 13. Nimekaa kitandani na koti na soksi mbili, nje barabarani watu wanakunywa mvinyo. Nguo nilizofua Jumatatu, Alhamisi bado mbichi. Siku nilipovuta kabati ili nifagie, ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa kuvu toka sakafuni hadi kiunoni. Nilipaka klorini, baada ya wiki tatu ikarudi. Hita ya umeme ilinisaidia, bili ikaniliza.

Sisemi nyumba zote. Zilizokarabatiwa zipo, kodi yake ndiyo shughuli. Halafu usidanganyike na "pwani kama kwetu": maji ya Porto hata Agosti yanauma mifupa, maana upepo wa kaskazini unasogeza maji ya juu na ya chini yenye baridi yanapanda. Mimi mtoto wa Kigamboni niliogelea mara moja, basi.

Binti_Raskazone

Mungu wangu. Hiyo kuvu ndiyo iliyomlaza mwanangu mwaka juzi, tulipanga chumba chenye paa linalovuja. Sasa Helsinki ndani kukoje?

kahawa_chungu

Ndani nyuzijoto 21, nimevaa fulana naandika hapa. Madirisha vioo vitatu, maji ya moto yanapita kwenye mabomba ya jengo zima na mara nyingi yamo ndani ya kodi. Kero ni ukavu wa hewa, ngozi inapauka, mafuta ya nazi uje nayo.

Mtoto atapelekwa nje kila siku, hata nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Nilishtuka mwanzoni. Wanavalishwa ovaroli nene kama wanaanga wadogo, wanabingirika kwenye theluji, wanarudi mashavu mekundu. Mwezi mgumu ni Novemba, giza limeingia na theluji bado. Theluji ikishatanda mji unang'aa hata usiku.

nesi_wa_zamu

Ongezeni hili: hewa baridi na kavu nayo inabana kifua cha mwenye pumu, hasa akikimbia. Skafu ifunike pua na mdomo, na kabla hujaondoka daktari wake akuandikie mpango kwa Kiingereza: dawa ya kila siku, dawa ya kupuliza akibanwa, na lini mkimbie hospitali. Na vitamini D muulize. Ngozi yetu kwenye jua hafifu haitengenezi ya kutosha.

Tairi_Bapa

Hujaniuliza, ila niko Groningen, Uholanzi. Nchi bapa kabisa, kilele cha huku bara ni mita 322, robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, hakuna cha kuzuia upepo. Kipimajoto kinasema 5, ukiwa juu ya baiskeli ni habari nyingine. Bergen wakikwambia mvua, uliza na upepo. Mwavuli huko utazika mingi.

Binti_Raskazone

Mrejesho. Nimewaandikia wenye nyumba wote watatu niliokuwa nimewapata mtandaoni, swali moja: chumba kinapashwa joto na nini, na nitumieni picha ya ukuta ulio nyuma ya kabati. Wa Helsinki kajibu siku ile ile, kapiga picha mpaka mabomba. Wa Bergen kasema ni hita za umeme, bili juu yangu, ukuta ni wa mbao, msafi. Wa Porto katuma picha nne nzuri, roshani, mto, jiko. Nikamkumbusha kabati. Akatuma ya tano, kabati likiwa limefungwa. Toka hapo kimya.

Daktari wa mtoto naye kasema baridi atamfundisha namna ya kujikinga, kuvu hawezi. Barua ya Helsinki nimeijibu jana. @kahawa_chungu, viatu vya theluji ninunue Kariakoo?

kahawa_chungu

Usinunue kitu huko! Soli za Kariakoo zikigusa barafu zinakuwa sabuni. Huku kuna masoko ya mitumba, yanaitwa kirpputori, ovaroli na buti za mtoto utapata kwa bei ya kawaida tu. Buti chukua namba moja zaidi, soksi ya sufu ipate nafasi. Mnatua tarehe ngapi?