Spitfire yangu haifikii kasi inayotajwa vitabuni: kosa ni la simuleta au ni langu?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima zenu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikirusha Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Waingereza, katika simuleta (programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji ndege) ya vita vya anga vya Uingereza vya mwaka 1940, na sasa imani yangu kwayo imepungua. Vitabu vinasema ndege hii ilifikia karibu kilomita 570 kwa saa kwenye kimo cha mita 5,700 hivi, lakini mimi, hata nikisukuma wenzo wa nguvu hadi mwisho, kipima kasi hakivuki 410. Tena injini hukatika kila ninapoinamisha pua ghafla kuifuata Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani, ilhali yenyewe huteremka bila shida. Je, niachane na simuleta hii?

Mpenda Kimo
Usiiache bado, ndugu. Kipima kasi husoma msukumo wa hewa inayoingia mrijani, na hewa ya kimo hicho ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo mshale husoma pungufu kuliko mwendo halisi. Zidisha 410 kwa 1.34, kisahihisho cha kimo hicho, utapata karibu 550. Pengo lako ni la kilomita 20, wala si 160.

Fundi Kabureta
Hilo la injini ndilo linalonifanya niwaheshimu waliotengeneza programu hiyo. Merlin, injini ya Spitfire, wakati ule ilitumia kabureta (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa) yenye boya. Rubani akisukuma pua chini ghafla, mafuta yalirukia juu ya chemba na injini ikakosa nguvu, wakati injini ya Bf 109, DB 601 ya Wajerumani, ilipuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Marubani wa Kiingereza walizoea kuipindua ndege kwanza, kisha kuvuta fimbo, ili mafuta yabaki mahali pake. Nafuu ilipatikana mwaka 1941, mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alipobuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu la kupunguza mtiririko wa mafuta. Fanya kama wao.

Dada wa Angani
Kaka, kuhusu hizo kilomita 20, kagua kwanza mlango wa rejeta (kipoza injini), kwa maana ukiachwa wazi hukokota ndege. Weka hali ya hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari, nyoosha ndege isiende upande, kisha ishikilie kimo hicho kwa dakika kadhaa, kwani kilomita za mwisho huja polepole sana. Usitegemee mafuta ya okteni 100 (petroli ya daraja la juu) huko juu. Faida yake ilikuwa kwenye vimo vya chini. Kwangu mimi, kasi ya juu ni kipimo chepesi. Kigumu ni uzito wa fimbo: Waingereza walipoijaribu Bf 109 waliyoiteka, waliona kwamba ikikaribia kilomita 640 kwa saa karibu haigeuziki ubavu, na joistiki ya mezani haiwezi kukufikishia uzito huo mkononi. Hapo ndipo ninapozihukumu simuleta.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Nimekuta mlango wa rejeta ulikuwa wazi muda wote. Nimeufunga nusu, nikasubiri dakika sita, na mshale umetulia kwenye 423, yaani karibu 567. Kesho ninaanza kujifunza kuipindua ndege kabla ya kuteremka.